Senyenge, Ng'ombe na Okidi ya Bugeshi

Ua moja la mwituni lilitugharimu hivi: mabunda sita ya senyenge, nguzo za mikaratusi za kuzungushia mwamba mzima, galoni mbili za ikigage, yaani pombe ya mtama, kwa ajili ya kuomba msamaha, na jiwe la chumvi kila mwezi kwa ng'ombe ambaye hakuwa mfanyakazi wetu lakini alifanya kazi kuliko baadhi yetu. Mishahara siitaji, maana mmojawapo ulikuwa wangu na niliula wote. Nayasema haya mapema ili kijana anayetaka kuingia kazi ya kitalu ajue anachoingia. Mmea unaoota bure ndio ghali kuliko yote.

Siku yangu ya kwanza kazini sikwenda kuomba kazi. Nilikwenda kuuza. Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe, ambako wazazi wangu walikimbilia na mimi nikazaliwa, na hapa Gisenyi nilianza maisha kwa kuuza miche ya maua na mboga karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani cha kwendea Goma. Mteja wangu mkubwa alikuwa bwana mmoja mnene aliyesimamia kitalu cha hoteli ya ufukweni. Alilelewa Goma, na wote tulimwita Shefu. Asubuhi hiyo nilimtajia bei, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“We Mama Deo, hii bei ya leo ni ya maua ao ya shamba nzima?”

“Ya maua, Shefu. Shamba nitakuletea kesho.”

“Bon. Mi naona kukulipa mushahara ni rahisi kuliko kununua kwako. Tua hiyo kitunga, ingia.”

Nikatua kapu, ila kabla ya kuingia nikauliza mshahara ni kiasi gani. Akataja. Nikalinyanyua kapu. Akaongeza. Ndivyo nilivyoajiriwa, na hadi anastaafu aliwaambia wageni kwamba mimi ndiye mche wa bei kubwa kuliko yote kitaluni.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kujaza viriba, zile nailoni nyeusi za kuoteshea miche. Nilidhani ni kazi ya kukaa na kupiga soga. Kumbe udongo wa kiriba una kanuni zake. Unachanganya udongo wa msituni, kokoto nyeusi za volkano zilizochekechwa, na samadi iliyooza hadi haina harufu. Kisha unafinya konzi moja mkononi. Ukifungua kiganja na donge likabaki zima, mfinyanzi umezidi na mizizi itakosa hewa. Likimwagika lote, kokoto zimezidi na maji hayatakaa. Linatakiwa lipasuke vipande viwili au vitatu, kama mandazi yaliyoiva. Shefu alipita na kufinya konzi yake mwenyewe katika kila rundo, na lililokataa alilipiga teke bila kusema neno. Yale mateke yalikuwa chuo changu.

Pale nilijifunza vipandikizi, yaani kukata tawi changa na kulichomeka likaota mizizi, na nilijifunza kuzoesha miche jua kidogo kidogo, maana mche uliolelewa kivulini ukiutoa ghafla unaungua kama mgeni wa pwani ya ziwa aliyelala mchana. Nikakaa miaka mingi. Shefu alipostaafu nikahamia kitalu cha miti kule Busasamana, chini ya Bwana Misitu.

Bwana Misitu alikuwa mwembamba, mkimya, na mwenye buti ambazo hazikuwahi kuonekana safi wala chafu. Tuliotesha miti ya kuzuia mmomonyoko kwenye miinuko ya mpakani. Mwisho wa msimu wasimamizi wa vikundi walikuja na taarifa nene za miche waliyopanda, na yeye aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akauliza swali lile lile.

“Iliyo hai ni mingapi?”

“Mkubwa, tumechimba mashimo elfu…”

“Usinihesabie mashimo, ndugu yangu. Shimo hata fuko analichimba.”

Kwake nilipata njia ya kuhesabu ambayo naitumia mpaka leo. Unabeba vijiti ulivyovihesabu nyumbani. Unachomeka kimoja kando ya kila mche ulio hai, na ukimaliza unahesabu vilivyobaki mkononi. Halafu unarudi nyuma ukiving'oa na kuhesabu unavyong'oa. Hesabu mbili zisipopatana, unaanza upya, hata kama mvua inanyesha, hata kama chakula kinapoa. Wenzangu waliona ni adhabu. Mimi niliyekulia sokoni, mahali ambapo chenji usipoihesabu mara mbili unalala njaa, niliona nimepata mwajiri mwenye akili.

Nadhani vijiti hivyo ndivyo vilivyonipeleka Bugeshi. Mkuu wa mradi mmoja mdogo wa mimea ya asili alikuwa anatafuta mtu wa kitalu anayejua kuhesabu bila kujipendelea. Alikuwa kijana bado, amesoma Uganda, ila Kiswahili chake kimenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Bugeshi ni juu, baridi, chini kabisa ya volkano. Viazi hadi macho yanapoishia, na katikati ya viazi, mahali ambapo jembe linashindwa, kuna mwamba. Ni lava ya zamani iliyopoa na kupasuka. Ndani ya nyufa kuna udongo mwembamba, kina cha kidole, na kuvumwani juu yake. Hapo ndipo okidi yetu ilipoota.

Ni okidi ya ardhini, si ile inayokaa juu ya miti. Wakati wa mvua ndefu inatoa shina linalofika gotini, limejaa maua ya waridi yaliyokolea, kila ua na kimkia chake nyuma. Zikiisha mvua, shina linakauka, majani yanapotea, na chini inabaki tunguu moja ndogo kama kiazi cha kuchezea watoto. Inalala hapo miezi mingi. Ukipita kiangazi utaapa kwamba hakuna kitu.

Mkuu wa Mradi alinieleza siku ya kwanza kwa nini alikuwa hapati usingizi. Mwambani pale palikuwa na mashina mia tatu na kitu yenye maua, na alikuwa amezunguka sehemu zote jirani asipate pengine. Kwingine kote kulikuwa kumegeuzwa mashamba, au mawe yamebebwa kujengea.

“Mama Deo, tukipapoteza hapa, huku kwetu tumeipoteza,” alisema. “Nataka uioteshe kitaluni, ili tuwe na akiba.”

Nilijiamini. Mimi nilikuwa nimeotesha kila kitu kuanzia vitunguu hadi misederi. Nikaipandia samadi safi katika viriba. Ikaoza. Nikaondoa samadi, nikaweka kokoto tupu. Ikakauka. Nikapanda mbegu zake, ambazo ni vumbi, ukipiga chafya umemaliza msimu, na hazikuota hata moja. Mkuu wa Mradi akanieleza kwamba mbegu ile haina chakula ndani yake kabisa. Inamtegemea kuvu fulani aliyemo kwenye udongo wa mwamba ndiye ailishe mpaka ipate jani. Basi nikachukua udongo wa mwambani kidogo. Zikachipua chache, zikatoa jani, na msimu wa pili zikagoma. Katika maisha yangu sijakutana na muuzaji mgumu namna ile. Ua lile halitaki mbolea, halitaki kuhamishwa, halitaki kumwagiliwa maji ya ziwa wala ya mtungi. Linataka ukungu wa asubuhi, maji yanayopita haraka, njaa ya udongo, na mahali pale pale. Likipata pungufu ya hapo halipandishi bei, linaondoka.

Kwa hiyo tukaamua kulinda mahali pale pale. Mkuu wa Mradi alipanga kuzungushia senyenge nusu ya mwamba, upande wenye maua mengi. Akanituma mjini kununua. Nikakaa na muuzaji kutoka asubuhi hadi mke wake akaniletea chai, na nikarudi Bugeshi na mabunda sita kwa bei aliyotarajia ya matatu. Nilisifiwa sana. Na kwa kuwa senyenge ilikuwepo, na nguzo zipo, hakuna aliyeona sababu ya kuacha nusu nyingine nje. Tukaufunga mwamba wote. Tungekuwa na senyenge pungufu, tungejua ukweli mapema kwa kulinganisha pande mbili. Lakini mtu gani anarudisha senyenge aliyoipata kwa bei kama ile?

Aliyeumia siku hiyo alikuwa Mama Rukundo. Alikuwa mjane, nyumba yake chini kidogo ya mwamba, na alikuwa na ng'ombe mmoja wa kahawia aliyeitwa Gaju. Ng'ombe huyo ndiye aliyemsomeshea watoto. Gaju alikuwa akichungwa mwambani tangu akiwa ndama, viazi vikishavunwa na nyasi zimekauka nusu. Mama Rukundo alijifunza Kiswahili Goma alikokuwa akiuza viazi, na alipenda kunijibu kwa lugha hiyo ili nisidhani mimi peke yangu ndiye niliyetembea. Alikuja akasimama tukipigilia nguzo.

“Mama Deo, na ngombe yangu itakula wapi? Itakula hii fito yenu?”

“Dada, ni amri ya Mkuu. Tunalinda maua.”

“Munalinda juu ya nani? Gaju haikuli hii maua. Mi nilisha kuona, inayanusa tu, inapita.”

Nikamwambia nitalifikisha. Nililifikisha. Mkuu wa Mradi akasema ng'ombe ni ng'ombe.

Msimu wa kwanza wa senyenge nyasi zilipendeza hadi ukatamani kulala. Maua yalikuwa pungufu kidogo, tukailaumu mvua. Msimu wa pili nilichomeka vijiti, nikang'oa, nikachomeka tena, kwa sababu sikutaka kuamini nilichokuwa nacho mkononi. Yalikuwa hayafiki mia. Nikamwambia Mkuu wa Mradi, naye akahesabu mwenyewe akipiga magoti, akapata vile vile.

“Yanaibwa,” akasema.

Haikuwa wazo la kijinga. Kila asubuhi wanawake walipita njia za miguu na mizigo yao kuelekea upande wa pili wa mpaka, na Goma kuna harusi zinazotaka maua kila Jumamosi. Tukaajiri mlinzi. Na mlinzi, kwa kuwa analipwa kukamata, akakamata. Alimkuta Mama Rukundo amepitisha mkono katikati ya senyenge, na kapu kando yake. Ndani ya kapu kulikuwa na nyasi. Chini ya nyasi kulikuwa na nyasi nyingine. Lakini habari za mwizi zilikuwa zimeshaenea kabla kapu halijakaguliwa, na katika mkutano baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Mkuu wa Mradi alisimama mbele ya majirani wote akasema kuna mtu hapa jirani na mwamba anayeiba mali ya nchi. Hakutaja jina. Jirani na mwamba kulikuwa na nyumba moja.

Mama Rukundo aliinuka. Alijifunga kitenge upya, akachukua jembe lake, akaondoka. Tangu siku hiyo akinikuta njiani aliangalia viazi.

Kiangazi kilichofuata nguzo za kona ya chini zilioza. Mikaratusi michanga, hatukuikausha vizuri. Gaju akaegemea, senyenge ikalala, akaingia. Mlinzi alimtoa, Gaju akarudi. Mlinzi akamtoa, Gaju akarudi, hadi mlinzi akaanza kufika kazini saa ambazo Gaju ameshashiba. Tuliyajua yote hayo baadaye. Sisi tulikuwa tunangoja mvua tukiwa na vijiti vyetu, na Mkuu wa Mradi alishaambiwa na waliokuwa juu yake kwamba hesabu ikishuka tena mradi unafungwa.

Mvua zikaja. Nilianza kuhesabu juu, kama kawaida, nikiteremka. Juu, shina moja moja, limesongwa na nyasi zilizolala juu yake kama godoro kuukuu. Katikati, hivyo hivyo. Nilipofika kona ya chini vijiti vikaniishia mkononi. Nikarudi kukata vingine. Kona ile peke yake ilikuwa na maua mengi kuliko mwamba mzima uliobaki.

Nilimwita Mkuu wa Mradi kwa kelele. Alikuja mbio akidhani nimeanguka. Akatazama kona, akatazama juu, akapiga magoti, na sitasahau alivyopitisha kidole kwenye alama za kwato. Kila kwato ilikuwa imefanya kishimo kwenye kuvumwani, na ndani ya vishimo vile, vijani vichanga vya okidi, vidogo kama kucha. Nyasi zilikuwa zimeliwa kabla ya mvua, jua likafika chini, na vumbi lile la mbegu likapata pa kutua. Yeye ndiye aliyeelewa, si mimi. Mimi nilikuwa bado nafurahia hesabu. Akajipangusa magoti, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka:

“Mama Deo, nimemlipa mlinzi ili amzuie mtunza bustani.”

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu, yaani maelewano. Kwetu hapa huendi kumwomba radhi mtu mikono mitupu, wala hutaji shida yako kabla pombe haijateremka nusu. Nikanunua ikigage galoni mbili, na nikampeleka Mkuu wa Mradi mwenyewe, amebeba moja, ili majirani waone mkubwa anavyotembea na galoni. Mama Rukundo alitukaribisha. Alikunywa. Aliongea juu ya ukungu wa viazi, juu ya bei ya mbegu, juu ya goti lake. Galoni ya kwanza ilipofika nusu ndipo nikasema.

“Dada, tunaomba Gaju arudi mwambani.”

Akaweka kikombe chini. “Eh! Ngombe ni ngombe, si njo mulisema? Mulinifukuza bure. Sasa kunirudisha iko na bei.”

“Dada, nyasi ni za bure!”

“Nyasi ni ya bure. Meno njo ya bei.”

Nimefanya biashara mpakani, nimenunua kwa watu ambao wangeuza hata bibi zao, lakini meno ya ng'ombe sikuwahi kuuziwa. Nikamtolea jiwe la chumvi kila miezi miwili. Akatazama paa. Nikasema kila mwezi. Akatazama galoni. Nikaona tumefika, nikanyoosha mkono. Hakuupokea.

“Ile chumvi ni ya Gaju,” alisema. “Ya miye iko wapi?”

Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya bati moja au mawili. Mkuu wa Mradi aliniwahi. Alisimama, akavua kofia.

“Mama, umuganda ujao nitasimama pale pale nilipokusema, mbele ya wale wale.”

“Na jina utataja?”

“Jina lako nitalitaja. Na langu.”

Ndipo akatuongezea pombe katika vikombe. Jumamosi ile alisimama kweli, akasema aliyeharibu maua ni yeye na senyenge yake, na aliyeyaokoa ni Mama Rukundo na ng'ombe wake. Watu walicheka, Mama Rukundo hakucheka. Alisikiliza hadi neno la mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, “Sawa. Mvua ikiisha inaingia.”

Tukapanga utaratibu, nao ndio nataka vijana waushike. Ng'ombe haingii mvua zikiwa zinanyesha, maana shina linavunjika. Anaingia vitumba vya mbegu vikishapasuka na kumwaga vumbi lao, anakula kiangazi chote, anatoka ncha ya kwanza ya kijani ikionekana kwenye ufa. Ng'ombe mmoja au wawili, si kundi. Senyenge tuliiondoa upande wa chini. Maua yalirudi polepole, na miaka minne baadaye nilipochomeka vijiti yalikuwa yamepita ile mia tatu na kitu ya mwanzo. Nilihesabu mara tatu, kwa raha tu.

Nilistaafu nikiwa Bugeshi. Mkuu wa Mradi alihamishwa siku nyingi, na aliyeshika nafasi yake ni binti mwerevu anayenipigia simu kila akikwama, nami napanda gari kutoka Gisenyi kwenda kumwambia nisichokijua. Watu huniuliza ninajivunia nini. Najivunia kwamba katika kazi yangu yote nilipata nilichotaka kwa karibu kila mtu, na pale niliposhindwa, mbele ya ua lile na mbele ya Mama Rukundo, kushindwa kwenyewe kulikuwa na faida.

Ila sasa iko hivi. Mama Rukundo goti limemshinda, anahamia mjini kwa mwanawe kabla ya mvua. Gaju alikufa zamani kwa uzee, na bintiye, anayekula mwambani leo, anauzwa. Simlaumu; ng'ombe hakai kwenye nyumba ya kupanga. Tatizo ni kwamba Bugeshi hakuna tena wa kuchunga. Majirani wote wanafuga bandani, wanakata majani na kuleta horini, na ng'ombe wa bandani ukimpandisha mwambani anavunjika mguu, hajui kukanyaga lava. Binti wa mradi alijaribu mundu kwenye kipande kimoja. Mundu unakata nyasi vizuri, lakini haukanyagi; hakuna vishimo, na hapakutokea jani jipya hata moja. Alitaka kuleta kondoo. Mimi naogopa kondoo, kwa kuwa wanakata chini kabisa na wanaweza kula ncha ya tunguu. Ila woga wangu sijaupima.

Kwa hiyo nauliza, na hapa sina ujanja. Wewe unayesoma, kama umewahi kuchunga kondoo juu ya mawe, je, wanaacha kidole kimoja cha nyasi, au wanafika mwisho? Na kama unamfahamu mtu mwenye ng'ombe mtulivu aliyezaliwa kwenye lava, upande huu au upande wa pili, mwambie aje tuzungumze kabla mvua hazijaanza. Safari hii ataje bei yeye.